Nyuma ya Bendera

Kambini, Dar es Salaam
6 Februari 1944

Dada Apolinaria,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo dada, na Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kumsomea. Sisi wote wawili ni wazima, na ule mguu wangu umepona. Nataka kujua kama paa la jiko limeezekwa, maana nililiacha limetoboka, na kama mbuzi mwekundu amezaa.

Mdogo wetu Damas amepewa kaptura inayomfika chini ya magoti, na wenzake wanamwita Padri. Hakasiriki, anacheka nao. Wamemweka kombania yetu, safu ya nne. Mama akiuliza mwambie hivyo hivyo: safu ya nne, nyuma yangu, kama nilivyomwahidi.

Pale stesheni uliniuliza kuhusu kazi yangu, sikupata nafasi ya kukujibu. Bendera ya kikosi si kama ile ya boma inayopandishwa asubuhi na kushushwa jioni. Ni ya hariri, imetiwa nakshi za nyuzi za dhahabu, na ikipita hata Kanali anaipigia saluti. Anayeibeba huvaa mkanda mpana wa ngozi wenye kikombe cha kusimamishia mti wake. Sitazami kushoto wala kulia, na kugeuka nyuma ndiyo kabisa haipo. Inzi akinitua jichoni namwacha anywe. Zamani kazi hii ilikuwa ya afisa wa Kizungu. Kikosini mwetu mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa. Najua kujisifu kunakuudhi, lakini nimwambie nani kama si wewe?

Mdogo wako,
Koplo Eustace


Igalula
27 Februari 1944

Mdogo wangu Eustace,

Milele amina, na marahaba. Mbuzi amezaa mapacha. Paa bado linavuja, kwa sababu mafundi wake wawili wamekwenda kupigana na Wajapani. Mama hajambo, anasema kaptura ya Damas ipunguzwe kwa sindano, si kwa mkasi, maana bado anakua.

Kujisifu kwako hakuniudhi. Kilichoniudhi ni siku ile ya Januari mlipopita hapa stesheni na tarumbeta kutafuta vijana wa kuandikisha. Ulitupita mimi na Mama hatua mbili tu, macho umeyakaza Tabora. Mama alidhani umemnunia. Damas alikuwa ametoka shamba na jembe begani. Akaliweka chini penye reli, akaifuata bendera. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Mama naye asingekubali kamwe kama usingerudi kesho yake kwa ruhusa, ukamshika mikono na kumwambia, "Mama, atakuwa nyuma yangu. Nitakapopita mimi ndipo atakapopita yeye."

Sasa sikia ulichotuletea. Unajua kwamba Babu Mahona, baba yake Mama, alikuwa kirangozi, akitangulia na bendera nyekundu mbele ya misafara ya pembe kutoka Tabora mpaka pwani, na kwamba njia yao ilipita hapa hapa ilipo reli. Kumbe nyumbani kwake kulikuwa na mwiko, ambao Mama hakuwahi kututajia mpaka juzi. Mbeba bendera hageuki, na mwanamke aliyebaki nyumbani kwake naye hageuki. Akishavuka kizingiti asubuhi, harudi nyuma mpaka afike aendako. Akigeuka yeye, bendera nayo inageuka huko iliko, na walio nyuma yake wanapotea. Bibi aliushika mwiko huo miaka yote, na Babu hakupoteza mpagazi hata mmoja. Ndivyo asemavyo Mama.

Basi Jumatatu kasahau jembe. Hajafika hata kwenye mpapai akakumbuka. Badala ya kugeuka akaenda mbele, akapita stesheni, akazunguka kisimani, akatokea dukani kwa Mabruki, akaingia nyumbani kwa mlango wa uani na kuchukua jembe lake. Jua lilikuwa utosini. Mabruki aliniuliza kama mama yetu siku hizi amepewa kazi ya kukagua mji. Nilicheka, na Mama akanitazama kwa jicho nisilopenda kulikumbuka.

"Wanangu wawili wako safari moja," aliniambia. "Mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikimshika wa mbele, nimewashika wote."

Kwa hiyo sicheki tena, ila natembea mbali naye ili nisiulizwe.

Dada yako,
Apolinaria


Mahali nisiporuhusiwa kutaja
30 Aprili 1944

Dada Apolinaria,

Shikamoo, na salamu kwa Mama na majirani. Usinilaumu kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Hapa kuna joto. Chakula si kibaya, isipokuwa maharage hayaivi. Nimepandishwa cheo, sasa ni sajini.

Damas ni mzima. Walipanda meli vizuri, bahari ilikuwa shwari, na amepata kaptura ya kumtosha.

Mwambie Mama asijichoshe na ule mwiko. Bendera za siku hizi si kama za Babu. Azunguke mara moja moja tu, au aache kabisa, hakuna kitakachoharibika. Bendera iko salama, hilo namhakikishia.

Mlivuna karanga kiasi gani?

Mdogo wako,
Sajini Eustace


Igalula
11 Juni 1944

Eustace mdogo wangu,

Marahaba, na hongera ya cheo. Karanga zilikuwa nyingi, tumeshakausha na michembe ya viazi. Mama ana kidonda unyayoni lakini anatembea.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuomba usilipite kama unavyotupita kwenye gwaride. Nassibu, mtoto wa Mabruki wa dukani, yuko kikosi chenu. Juzi baba yake alipata barua yake. Ilitembea majuma tisa, ina harufu ya ukungu, na nusu yake imepakwa wino mweusi na wakubwa wenu. Yako imetembea siku sita. Ni safi, na imenyooka kama imepigwa pasi.

Na kuna neno umeliandika. "Walipanda meli." Wewe ulipanda nini?

Nilipomsomea Mama nililibadili neno hilo, nikasoma "tulipanda". Sijui kwa nini. Ulimi ulifanya wenyewe kabla sijafikiri, na sasa nina uongo mdomoni ambao si wangu.

Nijibu.

Apolinaria


Dar es Salaam
2 Julai 1944

Dada,

Barua hii naipitisha kwa mkono wa Hilari wa reli, ili isisomwe na wakubwa. Ukishaisoma ichome.

Sijatoka Dar es Salaam. Siku tatu kabla ya safari waliikunja bendera, wakaitilia dawa ya nondo, wakaifungia katika sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Nikamuuliza Meja nitaibebaje ikiwa humo. Akanitazama kwa huruma, akaniambia kwamba bendera haipelekwi vitani, ni desturi yao tangu zamani, na kwamba mimi nitabaki kuitunza pamoja na askari wanne wagonjwa. Kumbe kila Mzungu alikuwa anajua. Mimi nilidhani kazi ya bendera ni kutangulia. Ndivyo nilivyosikia tangu utoto, kwa habari za Babu Mahona, na ndivyo nilivyomwahidi Mama. Sikumdanganya, dada. Nilikuwa sijui.

Nilimwomba Meja aniache niende kama askari wa kawaida, mara tatu. Mara ya tatu akasema nikirudia ataniandikia kosa, na kwamba wapo wengi wangefurahi kubaki mahali pangu.

Siku ya meli nilisimama getini kutoa heshima. Damas alipita safu ya nne. Akageuza kichwa kunitazama, ingawa hairuhusiwi. Mimi nilikuwa nimekaza macho mbele, kwa mazoea, nikamwona kwa pembe ya jicho tu. Nilipopata akili ya kugeuka alikuwa ameshafichwa na migongo ya wenzake.

Sasa kila Jumamosi nafungua sanduku, naianika bendera kivulini, naikunja upya, nafunga. Hiyo ndiyo vita yangu.

Usimwambie Mama. Akijua kwamba bendera haikuondoka atajua kwamba Damas hana mtu mbele yake, na hatalala tena. Ngoja warudi. Wakirudi nitamwambia mwenyewe, na Damas akiwa amekaa pembeni yake.

Eustace


Igalula
15 Oktoba 1944

Eustace,

Miezi mitatu nimekosa salamu ya kukuandikia ambayo si tusi, ndiyo maana nimenyamaza. Mbuzi wote wazima. Mama amekonda.

Sikumwambia. Sijui kama kwa kunyamaza nimekusaidia wewe au yeye, au nimejisaidia mwenyewe kwa kuogopa uso wake. Kila asubuhi namwona anavuka kizingiti, na kila akisahau kitu, na siku hizi anasahau sana, anazunguka mji mzima juani na kidonda chake kwa ajili ya bendera iliyo sandukuni. Nikimfuata kumpelekea kitu alichosahau ananikataza, anasema kisaidiwacho si mwiko tena. Nataka kupiga kelele.

Barua ya Damas imefika. Ni fupi. Anasema mvua hainyeshi huko, inamwagwa, na ruba wanaingia mpaka ndani ya viatu. Anasema wanalala ndani ya matope, lakini uji ni mzuri. Kisha ameandika hivi, nanakili: "Mama usiwe na wasiwasi, Kaka hajambo, namwona kila siku mbele yangu na bendera."

Mama alinifanya nirudie sentensi hiyo mpaka akaishika kwa moyo. Alifurahi hata nikashindwa kukaa naye, nikaenda nje kujifanya natazama mbuzi.

Mtoto wa miaka kumi na tisa, Eustace, yuko matopeni huko, na bado anakutunzia jina lako.

Apolinaria


Dar es Salaam
10 Desemba 1944

Dada Apolinaria,

Shikamoo. Natumaini mvua zimeanza vizuri na mmekwisha panda. Hapa embe ni nyingi mwaka huu, zinaoza chini. Nimewatumia sabuni na kanga moja ya Mama kwa mkono wa Hilari.

Je, mbuzi mwekundu amezaa tena? Na paa, mmempata fundi?

Mwambie Mama apumzike. Mwambie tu apumzike, asitoke sana. Krismasi njema.

Eustace


Igalula
21 Januari 1945

Eustace,

Tarishi wa boma alikuja siku ya pili ya mwaka. Alivua kofia kabla hajafika uani, nikajua. Karatasi inasema Damas alikufa vitani huko Burma tarehe tatu Novemba, na kwamba Serikali inasikitika.

Barua yako ya Desemba nimeisoma upya. Jina la Damas halimo hata mara moja. Ulikwisha ona orodha ya waliokufa hapo kambini, ukatuandikia habari za embe. Sikuulizi kwa nini. Mimi nilibadili neno moja, wewe ukaacha jina zima, hatupishani sana.

Lakini si hilo ninaloandikia.

Mama hakulia. Aliniuliza tarehe tatu Novemba ilikuwa siku gani, nikamwambia ilikuwa kesho yake baada ya Sikukuu ya Marehemu. Akakaa chini pale pale aliposimama. "Basi ni mimi," akasema.

Asubuhi ya Sikukuu ya Marehemu tulikuwa tunakwenda Misa, mimi nimetangulia. Mama alikuwa ameshafika kwenye mpapai aliposikia mwanambuzi analia. Amenasa shingo kwenye ua wa miiba na anajinyonga. Mama akageuka. Alirudi mbio, akamnasua, kisha akatukuta kanisani na mikwaruzo mikononi, na hakumwambia mtu. Miezi miwili alikaa na siri hiyo peke yake, akihesabu siku, akiomba isiwe kitu.

"Niliwageuka wanangu kwa sababu ya mbuzi," ndivyo anavyosema. Anasema wewe umepona kwa sababu wa mbele hapotei, wanaopotea ni wa nyuma. Hali chakula cha kumshibisha hata mtoto. Yule mbuzi amempa Mabruki bure, hataki kumwona.

Nilimwita Padri. Padri akamwambia mambo hayo ni ushirikina, Mungu hahesabu nyayo za mtu. Mama akamwitikia kwa adabu. Padri alipoondoka akaniambia, "Yeye hana mtoto."

Wewe unajua kitu kitakachomtoa humo, nami najua. Bendera haikugeuka kwa sababu haikwenda. Ningeweza kumwambia leo. Nimefungua mdomo mara nyingi. Lakini ahadi ilikuwa yako na mikono aliyoishika ilikuwa yako, na nikisema mimi, atauliza kwa nini mwenyewe hakusema. Mwandikie, Eustace. Sikuombi tena.

Apolinaria


Igalula
20 Mei 1945

Eustace,

Hakuna jibu. Hilari anasema amekuona, u mzima na viatu vinang'aa.

Mama bado anasema ni yeye.

Apolinaria


Dar es Salaam
28 Oktoba 1945

Mama yangu,

Shikamoo Mama. Dada atakusomea barua hii, na namwomba asibadili hata neno.

Mama, sikwenda vitani. Bendera haikwenda. Waliifungia sandukuni, nami nikaachwa kulilinda hapa Dar es Salaam tangu siku walipoondoka mpaka leo. Damas alikwenda bila mimi. Aliyokuandikia kwamba ananiona mbele yake aliandika ili nisiaibike. Sikumwomba aandike hivyo.

Siku ile ulipogeuka kumnasua mbuzi, bendera ilikuwa imekunjwa na dawa ya nondo juu yake. Haikugeuka. Hukumpoteza mtu. Mama, ulinasua mbuzi tu.

Ningeweza kukuandikia haya Februari. Niliandika, nikachana. Kila nilipofika penye sanduku mkono ulikataa, kwa sababu nilitaka uendelee kuniona natangulia. Kwa ajili hiyo umebeba kosa lisilo lako mwaka karibu mzima. Sijui kuomba msamaha wa kitu kama hiki, na sina mtu wa kunifundisha.

Kikosi kimerudi. Wengi wamekonda hata siwajui. Nassibu amerudi, na ameniambia Damas alizikwa vizuri, na msalaba.

Tarehe 15 Desemba, Jumamosi, kutakuwa na gwaride Tabora, na bendera itatolewa. Nimewaambia wampe mwingine, wamekataa. Itabidi niibebe. Nakuomba uje. Hata kama hutaki kusema nami, simama mahali nikuone, nijue.

Mwanao,
Eustace


Igalula
18 Novemba 1945

Mdogo wangu Eustace,

Marahaba. Mvua zimeanza. Paa la jiko nimeliezeka mwenyewe, halivuji.

Nilimsomea Mama kama ulivyoandika, neno kwa neno. Akaniambia nirudie pale penye sanduku. Nikarudia mara tatu. Akauliza lilikuwa la mti gani, nikamwambia hukuandika. Akaendelea kupepeta mtama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mtoto alikwenda peke yake." Hakukutukana. Nilitamani akutukane, na mimi aniunge humo humo, maana nilimwambia pia kwamba nilijua. Alimaliza mtama wake akaenda kulala mapema.

Kesho yake alivuka kizingiti akafika kwenye mpapai, akasimama. Kasahau jembe. Nikasema moyoni, sasa amefunguliwa, sasa atageuka. Akaenda mbele.

Nikamkimbilia. "Mama, bendera ilikuwa sandukuni. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia," akasema, bila kusimama. "Mwiko ule nilikuwa namshikia Eustace. Damas sikumshikia hata siku moja."

Nikamfuata nyuma, tukapita stesheni, tukazunguka kisimani, tukapita dukani kwa Mabruki. Nassibu alikuwa amekaa barazani. Akasimama tulipopita, akabaki amesimama. Tulipofika uani jua lilikuwa kali. Jembe lilikuwa mahali pake.

Tabora tutakuja. Ameshafua ile kanga uliyomletea. Ila ameniagiza nikuandikie mapema ili usijisumbue kumtafuta. Hatasimama mbele pamoja na wazazi wengine, wala mahali bendera itakapopita karibu. Atasimama mwisho kabisa, baada ya safu ya nne na zote zinazofuata, pale askari wanapokwisha na barabara inabaki tupu. Anasema hapo ndipo anapotaka kutazama.

Wewe tembea kama ulivyofundishwa. Hutamwona.

Dada yako,
Apolinaria